Jibu la Mkunga

Wiki iliyopita tulimwacha Mkunga ameshika pazia la kitanda namba nne, na nyuma ya pazia mwanamke mwenye uchungu wa mwisho anapiga mayowe: "Siyo huyo! Nileteeni yeyote, lakini siyo huyo!"

Mmeniuliza sana: aliingia, au alirudi?

Aliingia. Mguu mmoja tu.

"Toka!" alifoka mama mkwe wa mgonjwa. Mkono mmoja kamshika mkaza mwana wake begani, mwingine kashika simu, na simu inarekodi. "Toka, Thelathini na Sita! Mimba tu hujui ni wiki ngapi, kuzalisha utajulia wapi?"

Kwa wewe unayeanza kusoma leo, mambo yako hivi. Mkunga huyu, mwenye miaka kumi na tisa katika wodi ya wazazi, alikwenda kwenye shindano la maswali la televisheni liitwalo Sekunde Kumi. Akajibu maswali saba bila kupepesa macho. La nane, mtangazaji akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Hili ni la kwako kabisa, mama. Kwa kawaida, mimba ya binadamu huhesabiwa kuwa ya wiki ngapi?"

Arobaini. Hata mwanafunzi wa darasa la sita anajua.

Mkunga akafungua mdomo, akasema, "Thelathini na sita."

Kipande hicho cha sekunde kumi na nne kimetazamwa mara milioni mbili. Ndipo alipopewa jina ambalo mama yake hakumpa.

Sasa turudi kitandani.

"Sista," aliita Nesi Mdogo kutoka ndani. Huyo ana miezi minne tu kazini. "Kichwa kimetoka. Halafu kimerudi nyuma. Hakiendi."

Mkunga alijua bila kuona. Kichwa kinachochungulia na kurudi kama cha kobe maana yake ni moja: bega limenasa kwenye mfupa. Una dakika tano. Ya sita, unafunika mtoto shuka.

Akatazama simu iliyomlenga usoni. Akatazama mgonjwa anayemkataa kwa macho na kwa mikono. Ugomvi ungekula dakika tatu.

Akarudi nyuma. Akaliachia pazia likaanguka kati yake na wao.

"Nimetoka, mama," alisema kwa sauti ya upole. "Sipo. Nesi, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Usivute kichwa. Hata kidogo. Mlaze chali, magoti yake yafike kifuani. Bibi, shika goti la kulia."

"Sikushikii kitu mie!"

"Hunishikii mimi. Unamshikia mjukuu wako."

Simu ikasikika ikitupwa kitandani.

"Nesi, nani ameshika goti la kushoto?"

"Mhudumu wa usafi, Sista."

"Vizuri. Sasa weka ngumi juu ya mfupa wa kinena. Siyo tumboni juu, ni chini pale. Sukuma kuelekea upande alikogeuza uso mtoto. Sukuma kama unawasha gari bovu."

"Haiendi!"

"Endelea."

"Sista, haiendi, kichwa kinakuwa cha bluu!"

Mkunga alifumba macho. Mikono yake miwili ilikuwa hewani mbele ya pazia, vidole vikifanya kazi ambayo hakuna aliyemruhusu kuifanya.

"Acha ngumi. Ingiza mkono chini, upande wa mgongo wa mama. Utakuta mkono wa mtoto umekunjwa."

"Nimepata kiwiko."

"Shuka mpaka kwenye kiganja. Kishike, ukipitishe kifuani kwake, mbele ya uso, kama mtoto anajifuta kamasi. Polepole. Usivute, pitisha."

Pumzi moja. Pumzi mbili. Ukelele wa mama ulipasua wodi nzima.

Halafu kikasikika kilio kingine, chembamba, chenye hasira.

Mkunga akajiegemeza ukutani. Kutoka ndani alimsikia bibi akilia na kucheka kwa pamoja: "Mungu akubariki, mwanangu! Wewe ndiye mkunga! Siyo lile lililotaka kutuulia mtu!"

Na Nesi Mdogo akajibu, "Asante, bibi."

Alipotoka, glovu bado zina damu, hakuweza kumtazama Mkunga usoni. "Sista, nilitaka kuwaambia—"

"Ungewaambia, wangemkagua mtoto upya kutafuta nilipomvunja," alisema Mkunga. "Umefanya vizuri. Nenda ukaangalie kama kondo limetoka lote."

*

Kabla ya saa sita mchana, video ya yule bibi ilikuwa mtandaoni. Simu iliyotupwa kitandani haikuacha kurekodi. Ilichukua picha ya dari tu, lakini sauti ilinasa yote, neno kwa neno.

Utasema, alhamdulillahi, sasa ukweli umesikika.

Subiri kwanza.

Matroni alimwita ofisini, akafunga mlango, akamgeuzia simu yake. "Soma mwenyewe."

Mkunga akasoma.

"Msikieni anavyomchanganya nesi wa watu. Binti anajua kazi, lenyewe linapiga kelele nje."

"Kama unawasha gari bovu! Ndiyo maneno ya hospitali hayo?"

"Mimi nilizaliwa na wiki thelathini na sita. Leo nimemjua aliyenipakua kabla sijaiva."

Chini ya hilo la mwisho, watu elfu nne walikuwa wameweka vicheko.

Matroni alikuwa mwanamke mrefu aliyekausha sura kwa miaka ya kutoa habari mbaya. Alivua miwani. "Mimi nakujua. Wewe ndiye ulinifundisha kuzalisha miguu ikitangulia. Lakini leo asubuhi akina mama watatu wamechukua kadi zao wakaenda kwingine. Mmoja uchungu ulikuwa umeshaanza. Alipanda bodaboda na uchungu wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utakaa chumba cha mafaili. Upepo ukipita, utarudi."

"Ukipita lini?"

Matroni akavaa miwani yake. "Na lile jambo la asubuhi ile, kabla hujaenda studio."

"Halisemwi, Matroni."

"Najua halisemwi. Nakukumbusha lisisemwe."

Ninyi wasomaji wangu mnajua kitu ambacho watu milioni mbili hawakijui. Asubuhi ile ya shindano, kabla Mkunga hajavaa gauni lake la kitenge, kabla binti yake hajampaka poda kwenye kiti cha nyuma cha teksi, mama mmoja alimfia mikononi. Kondo liliachia. Damu ilitoka nyingi kuliko damu iliyokuwepo ya kumwongezea. Mtoto naye hakuonja hewa. Na kwenye faili la mama huyo, Mkunga mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameandika umri wa mimba ile.

Wiki thelathini na sita.

Matroni ndiye aliyemwambia, "Nenda kwenye shindano lako, ukabadili hewa." Akaenda. Alipoulizwa swali la nane, kilichotoka mdomoni si jibu. Kilitoka kile kilichokuwa kimejaa.

Na siri ya mgonjwa ni siri, awe hai awe marehemu. Mkunga alimwambia mtu mmoja tu duniani.

*

Mtu huyo alikuwa amekaa sebuleni jua likiwa bado juu ya paa la jirani, miguu juu ya boksi la vifaa, miwani kwenye ncha ya pua, anabonyeza simu kwa kidole kimoja.

Mumewe ni fundi wa majokofu. Mtu wa maneno machache, mwenye mikono inayonusa gesi na grisi. Kwa siku sita hajagusa jokofu la mtu.

"Nimewajibu mia tatu na kumi na mbili," alisema bila kuinua kichwa. "Mmoja mmoja."

"Baba watoto, acha."

"Siachi. Huyu hapa anasema nimekuoa kwa kukosa. Nimemwambia mimi ndiye niliyebahatika."

"Naye?"

"Amecheka. Sasa wamenitengenezea jina na mimi. Bwana Thelathini na Sita."

Binti yao, mwenye miaka ishirini, alikuwa mlangoni mwa jikoni, macho mekundu. Ndiye aliyejaza fomu ya shindano bila kumwambia mtu. Kila Alhamisi walikuwa wanakaa kwenye kochi hilihili kutazama Sekunde Kumi, na mama yake hujibu kutoka jikoni kabla ya washiriki. Akaona, kwa nini mama asiende akajibu mbele ya watu?

Na tusidanganyane. Kwenye kochi hilo walikuwa wanacheka. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alishindwa kutaja jina la sayari, akasimama pale kinywa wazi, jasho linashuka. Mkunga alimcheka mpaka akashika mbavu. Akachukua simu, akaenda kwenye ukurasa wa shindano, akaandika: "Mzee kasafiri sayari nyingine." Watu sitini waliipenda. Alifurahi.

Tangu juzi anamkumbuka yule mwalimu. Mwaka mzima hakuwahi kujiuliza kama kesho yake yule mzee alithubutu kwenda dukani.

"Mama," binti alisema. "Kaa kwanza. Baba ana jambo."

Fundi aliweka simu chini. Akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena.

"Nimewaeleza," alisema.

"Umewaeleza nini?"

"Ukweli."

Mkunga akaichukua simu. Maneno ya mumewe yalikuwa hapo, yamejaa makosa ya herufi, yamejaa mapenzi:

"Mnamcheka mke wangu. Asubuhi ile kabla ya kuja huko alifiwa na mama mjamzito mikononi mwake, na mimba ya yule mama ilikuwa na wiki 36. Ndiyo namba iliyokuwa kichwani. Siyo kwamba hajui. Alikuwa na msiba. Nyinyi mna mioyo kweli?"

"Wewe mwanamume," Mkunga alinong'ona. "Umenimaliza."

"Hapana, mama, soma chini," binti alidakia. "Soma wanavyosema!"

Akasoma, na kwa mara ya kwanza baada ya siku sita, maneno hayakumchoma.

"Jamani. Atusamehe. Tumekosea."

"Nimelia. Mama, popote ulipo, nisamehe, nilicheka na mimi."

"Hii ndiyo shida yetu, tunahukumu kabla ya kusikia."

Yalikuwa mengi. Mamia. Yaliongezeka mbele ya macho yake. Mtangazaji wa shindano mwenyewe aliweka moyo mwekundu. Fundi alianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Binti akaenda kuchemsha chai. Mkunga alikaa kwenye kochi, na bila kutaka, akavuta pumzi ikafika chini kabisa.

Kwa saa moja nyumba ile ilikuwa na watu watatu wenye furaha. Ihesabuni hiyo saa, maana sina nyingine ya kuwapa.

Binti ndiye aliyeliona. Akaweka kikombe chini.

"Baba. Huyu nani?"

Lilikuwa oni fupi, kutoka kwa mtu asiye na picha:

"Hiyo ilikuwa tarehe ngapi? Maana mke wangu alikuwa na wiki thelathini na sita. Na mimi huyu mama ndiye aliyenitokea mlangoni kunipa habari."

Jokofu la jirani lililokuwa linasubiri kutengenezwa lilikuwa limesimama ukutani, mlango wazi.

Oni la pili likaja chini yake. "Pole sana kaka. Sasa jiulize. Mkunga asiyejua wiki za mimba ndiye aliyemshika mkeo."

La tatu. "Kumbe siyo msiba wake. Ni kazi yake."

La nne lilikuwa na neno moja tu, na neno hilo siwezi kuliandika gazetini. Kufikia jua kuzama lilikuwa limerudiwa mara elfu mbili.

Wale wale waliolia ndio waliorudi. Majina yale yale. Aliyeandika "nisamehe" saa kumi, saa kumi na mbili aliandika "na afungwe."

"Nitafuta," Fundi alisema. Akainyakua simu. "Nafuta sasa hivi, mama watoto. Nimefuta. Ona. Haipo."

"Wameshaipiga picha, baba," binti alisema.

Fundi akafanya jambo ambalo Mkunga hakuwahi kuliona kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa. Akaweka uso kwenye viganja vyake vyenye grisi, akalia kwa sauti.

Mkunga hakumgombeza. Angepata wapi nguvu? Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Mtu huyu alitaka kumwinua. Ndiyo njia aliyoijua.

*

Chumba cha mafaili kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro. Kina taa mbili na moja inapepesa. Kina rafu za chuma hadi darini, kidirisha kimoja cha kupokelea watu, na kiti kilichovunjika mgongo. Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Mkunga alikuwa hapo, amevaa sare yake nyeupe kwa sababu hana nguo nyingine ya kazi.

Saa tatu na robo, kivuli kikaziba kidirisha.

"Natafuta faili la mke wangu."

Aliijua sauti kabla ya kuinua uso.

Alikuwa fundi rangi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, na kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe iliyogoma kutoka. Asubuhi ile ya msiba alifika na ndoo mkononi, hakuwa na habari. Mkunga ndiye aliyemkalisha kwenye benchi. Ndiye aliyemwambia. Na mwanamume huyo, katikati ya kilio, alimshika mikono yote miwili akasema, "Asante, Sista. Najua umefanya ulichoweza."

Sasa alikuwa amesimama wima, macho makavu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, imechungulia nusu.

"Kaka," Mkunga alisema. "Pole. Pole sana. Mume wangu hakukusudia—"

"Siku ile nilikwambia asante."

"Ndiyo."

"Nimekuja kuichukua."

Mwanamume akainamia kidirisha.

"Uliniambia ilitokea ghafla," aliendelea. "Kila mtu msibani nilimwambia hivyo. Ilitokea ghafla. Nilimwambia mama yake mzazi. Jana watu elfu mbili wananiuliza, ghafla saa ngapi? Nikakuta sijui. Nataka faili. Nina haki au sina?"

"Unayo. Jaza fomu hii."

Alijaza. Herufi zake zilikuwa nzuri, za mtu aliyezoea kuandika mabango.

Mkunga alichukua fomu, akaingia kati ya rafu. Faili alilijua lilipo. Alilifungua akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza, jina na umri. Wa pili, vipimo. Wa tatu ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mgonjwa anaeleza kuwa damu ilianza kutoka jana saa tisa alasiri. Anasema alimpigia mume simu, mume akamshauri alale na ainue miguu, itakata, kwani yeye ana vyumba viwili vya kumalizia rangi na atarudi kesho. Mgonjwa amefika leo saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na tano baada ya damu kuanza. Angefika mapema..."

Hapo alikuwa amekatisha. Lakini kila mtu anaweza kumalizia sentensi hiyo.

Na alikumbuka kisichoandikwa. Yule mwanamke, midomo imeshakuwa myeupe, alimvuta kola ya sare. "Sista. Akija, usimwambie kama ni yale ya jana. Mwambie imetokea ghafla. Yule mtu wangu anajilaumu hata kikombe kikivunjika."

Mkunga alimwahidi. Ile ilikuwa ahadi ya mwisho aliyoipokea yule mwanamke.

Sasa fikirini, wasomaji. Karatasi moja. Ikitoka nje, inamsafisha. Video iliyotazamwa mara milioni mbili inageuka takataka. Anarudi wodini kesho, mumewe anarudi kwenye majokofu yake, binti anaacha kulia chooni. Haki yake kabisa. Alichotakiwa ni kunyoosha mkono tu.

Akaing'oa. Taratibu, isitoe sauti. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kulia wa sare yake.

Miaka kumi na tisa hajawahi kugusa ukurasa wa mgonjwa. Akarudi kidirishani, akamkabidhi faili.

Fundi Rangi alifungua. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akageuza. Akageuza tena. Akasimama.

"Moja," alisema. "Mbili. Nne."

Akarudi mwanzo, akahesabu tena.

"Ya tatu iko wapi, Sista?"

"Labda... wakati mwingine karatasi huchomoka."

"Huchomoka." Alitikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyethibitishiwa bei. Kisha akasema kwa sauti kubwa zaidi, na hakuwa anamwambia Mkunga. "Mmesikia? Karatasi huchomoka. Mmesikia wenyewe?"

Akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa inawaka. Ilikuwa laivu tangu alipoingia korido, na juu ya kioo, kwenye kona, kulikuwa na namba: watu elfu arobaini na moja.

Akamgeuzia Mkunga kamera, toka kichwani hadi kiunoni.

"Mtazameni. Ndiye huyu. Aliyemshika mke wangu. Sasa anaficha alichomfanya."

"Kaka, nisikilize. Zima hiyo. Tuongee, wewe na mimi."

"Tuliongea, wewe na mimi. Ukanidanganya."

Hilo lilikuwa kweli, na Mkunga alilijua.

Maoni yalikuwa yanapanda kwa kasi kwenye kioo. Fundi Rangi alikuwa anayafuata kwa macho, midomo ikicheza. Mara akakunja uso. Akasogeza simu karibu, akasoma kwa sauti:

"Kaka, mfuko wake wa kulia. Kuna karatasi."

Akasoma jingine. "Mfuko wa kulia, ona kona inachungulia." Na jingine. "Mfuko. Mfuko. Mfuko."

Polepole akainua macho kutoka kwenye simu, akatazama mfuko.

Mkunga aliuziba kwa kiganja. Hapo hapo akajua kwamba hilo ndilo jambo baya zaidi ambalo angeweza kulifanya.

"Nipe."

"Nitakupa. Naapa nitakupa, mkononi mwako, ukaisome nyumbani ukiwa na ndugu zako. Lakini zima simu kwanza."

"Unaogopa wakuone?"

"Mimi wameshaniona, kaka. Siogopi kwa ajili yangu."

"Basi kwa ajili ya nani?"

Mkunga alifungua mdomo. Aliona ile midomo myeupe, ule mkono kwenye kola. Akaufunga.

Fundi Rangi alisubiri. Alimpa muda mrefu kuliko hata ule wa televisheni. Kisha akapitisha mkono kwenye kidirisha, akamkamata kiwiko, akautoa ule mkono wake pembeni kwa nguvu, akachomoa karatasi. Mfuko ulichanika kwa sauti ndogo.

"Usisome!" Mkunga alilia. "Nakuomba kwa jina la mkeo, usisome mbele za watu!"

Nyuma, mlango wa korido ulifunguka. Nesi Mdogo na Matroni walikuwa wanakuja mbio, viatu vikipiga sakafu.

Fundi Rangi alikunjua karatasi. Machozi ambayo hayakuja asubuhi nzima sasa yalikuja yote kwa mkupuo. Alijaribu kusoma mstari wa kwanza. Hakuuona.

"Macho yamejaa," aliiambia simu. "Someni ninyi. Nisomeeni ninyi ndugu zangu, mniambie alichomfanya mke wangu."

Akaigeuza karatasi ikaelekea kwenye kamera. Akaishika hapo, imetulia, maandishi yakiwatazama wao, upande mtupu ukimtazama yeye.

Watu elfu arobaini na moja wakasoma.

Maoni yaliyokuwa yanapanda kama maji ya moto yakasimama. Kioo kikatulia. Hakuna kicheko, hakuna moyo, hakuna neno. Matroni alifika kidirishani, akaona, akajishika mdomo.

Sekunde moja ilipita. Ya pili. Ya tatu.

Kisha likaingia oni la kwanza, na Fundi Rangi akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaisogeza simu karibu na uso ili alisome.